Jumamosi za Mdogo Wangu Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, na mtaani kwetu hakuna anayemfikia kwa wembe. Nasema hivyo ingawa figo anayotembea nayo ni yangu na ningeweza kumsema vibaya nikitaka. Tangu apandikizwe anatakiwa kumeza vidonge asubuhi na jioni, ili mwili wake usiikatae figo ya mtu mwingine. Figo ilivipenda vidonge hivyo. Tumbo halikuvipenda hata kidogo.

Kinyozi akiharisha ni balaa. Choo kiko nyuma ya jengo, na ufunguo unakaa kwa fundi viatu, mtu asiyeutoa kabla ya kujuliana hali. Mdogo wangu alikuwa anazima mashine, anasema anakuja, anatokomea. Mteja anabaki kitini na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, anajitazama kwenye kioo. Mwalimu mkuu mmoja alisubiri mpaka akasoma matangazo ya vifo ya gazeti zima.

Nikimuuliza hali, alisema salama. Daktari naye alijibiwa salama. Alishajiamulia kwamba daktari wa figo huelezwa mambo ya figo, na kwamba kumletea habari za choo ni kumkosea adabu.

Halafu majibu ya damu yakaja mabaya. Daktari, mama asiyepoteza maneno, alisema figo imeanza kushindwa kazi, akamuuliza kama anameza dawa zote. Akajibu anameza. Tukaambiwa tusubiri nje vipimo vingine.

Pale kwenye benchi machozi yalinitoka. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumvalisha tangu utotoni, na sasa nilikuwa nimempa kitu kibovu.

"Nisamehe, mdogo wangu," nilimwambia. "Nilikupa figo mbovu."



"Dada, figo yako haina kosa. Jumamosi huwa simezi. Ndiyo siku ya wateja."

Nilimuuliza tangu lini. Miezi minne. Ijumaa jioni pia alikuwa anaruka, ili tumbo litulie mapema.

Nilimshika shati nikamrudisha ndani bila kugonga mlango, nikamwambia aseme. Akasema yote, hadi habari za ufunguo. Daktari alisikiliza, akasema kuharisha huko wanakujua, na kwamba iko dawa nyingine ya aina hiyo hiyo inayolisumbua tumbo kidogo. Wangembadilishia siku ile ile kama angefungua mdomo. Sasa ilibidi alazwe, wajaribu kuuzuia mwili usiendelee kuikataa figo. Kuahidi hakuahidi.

Wodini alipewa kitanda karibu na choo. Alijifunika shuka hadi kidevuni, akaniuliza kama nimekasirika. Nilimwambia nimekasirika sana, na kwamba figo niliyobaki nayo ni moja, siwezi kuitoa.

"Na kama ingewezekana?" aliuliza.

"Ningekupa. Ndiyo maana nimekasirika."