Darasa la Kipaimara Lililokataa Kuisha

Siku yangu ya kwanza kama kiongozi wa vijana, katika kanisa dogo pale Kaloleni, karibu na ziwa, Kasisi alinipa ufunguo wa chumba cha mafundisho pamoja na onyo. "Bwana, kijana akipotea hapa sitamuuliza mama yake. Nitakuuliza wewe." Ilikuwa miaka ya themanini na nilitaka kazi, kwa hiyo nilikubali bila kubishana. Sikurudia kosa hilo.

Kipaimara, kwa msiojua, ni ibada ambapo Askofu humwekea mikono kijana aliyemaliza mafundisho, akahesabika mtu mzima kanisani. Wetu walielewa kwamba wamehitimu. Jumapili hii nguo nyeupe, Jumapili ijayo wako ziwani wanaogelea. Nilihesabu vichwa, nikahesabu tena nikianzia nyuma. Viti vitupu havikubadili mawazo.

Kasisi akapata dawa. "Wanaondoka wakimaliza? Basi wasimalize." Kila Askofu alipokaribia kuja, darasa langu lilionekana halijaiva. Tulirudia Amri Kumi mpaka wavulana wakaota ndevu.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Atieno, sauti kubwa ya kwaya, aliyeingia darasani mtoto na sasa alikuwa mwanamke kamili. Nilimfuata ufukweni Dunga, alikokuwa akikaanga samaki na mama yake.

"Atieno, rudi. Safari hii utamaliza."

"Mwalimu, hata wagonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani." Akamgeuza ngege kwenye mafuta. "Nina mchumba. Bila kipaimara hamtufungishi ndoa. Kule Mamboleo kuna kanisa la hema, wanafungisha hata kesho."

"Rudi kwanza, kipaimara baadaye."

"Kipaimara kwanza. Wewe unalipia samaki ambaye hujamwona?"

Mama yake akacheka. "Mwalimu, huyo nimemzaa na bado hunishinda. Kula samaki uende."

Nikamrudia Kasisi. "Baba, tukimshikilia tunampoteza."

"Na tukimpa, akaenda?"

"Utaniuliza mimi, kama tulivyopatana."

Kasisi akatoka polepole, kama mnunuzi anayengoja kuitwa. Sikumwita. Alifika mlangoni, akarudi mwenyewe. "Haya. Wape wote, tupumue."

Askofu aliwawekea mikono hata wenye ndevu. Atieno alifunga ndoa kwetu, kisha akahamia Mamboleo na mumewe, kwenye hema lilelile. Kasisi aliniuliza, kama alivyoahidi.

"Ameenda, Baba. Lakini ameaga."

Kabla ya Atieno hakuna aliyewahi kuaga.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu huuliza niliwabakiza vijana wangapi. Hesabu hiyo nimeifanya mara mbili na majibu hayalingani, maana wengine hurudi katikati ya kuhesabu. Mwaka wangu wa mwisho Atieno aliingia chumba cha mafundisho akiwa amemshika binti yake mkono.

"Mwalimu, kwetu hemani ngoma ni nzuri, lakini mafundisho hakuna. Nimekuletea huyu."

Nikampa mtoto kiti cha mbele. Mama yake alikuwa ameshatoka, akachungulia tena.

"Lakini Mwalimu, tafadhali. Huyu amalize."