Kimya kama Mama

Kila mji ninaohamia, harufu ya dagaa walioanikwa hunirudisha kwenye darasa letu la Bangwe, kando ya ziwa, mwaka ambao mimi na mama tulivuka mpaka kwa boti hapo Kagunga tukikimbia vita Burundi. Mwalimu alikuwa akifundisha tashbihi, yaani kufananisha vitu kwa neno "kama".

"Kimya kama nini?" aliuliza.

"Kama soko la Mwanga wakati wa swala," alijibu mwenzangu.

"Kama mama," nikasema mimi.

Darasa likaangua kicheko. "We mkimbizi! Mama yangu hanyamazi hata akitafuna!" mmoja akapaza sauti.

Mwalimu hakucheka. "Mama amenyamaza tangu lini, mwanangu?"

"Tangu tuliposhuka kwenye boti."

Jioni, mama akigeuza dagaa mchangani, nilimsimulia yote, hata lile la kutafuna, nikingoja acheke. Aliendelea kugeuza dagaa.