Firigisi ya Baba Neema

Jamani, mdomo umeniponza. Sisi wanawake wanne wa mtaa wa Bellevue, wasusi na washonaji, husoma riwaya pamoja kila Jumapili. Safari hii tulisoma ya mwandishi wa kike kutoka India. Mke humo anapika, anamwandalia mume, halafu anakula makombo peke yake jikoni. Tulikutana kwangu, nami nikawaka.

“Huyu dada ananiudhi! Nani kamlazimisha? Hapa kwangu kuku ni wa wote!”

Wakanipigia makofi. Furaha, mshonaji kutoka Bukavu, akaingia jikoni kutafuta chumvi. Alirudi na kibakuli nilichokifunika kwa sahani nyuma ya birika. Ndani ilikuwemo firigisi ya kuku, kipande ambacho kwa desturi huwekewa baba wa familia.

“Eish, Mama Neema! Hii ya nani?”

Kabla sijatunga uongo, mume wangu akaingia kutoka kanisani. Nilishtukia nimeshasimama, nimempokea koti, nimemsogezea kibakuli mbele ya macho yao.

Akakitazama, akashusha pumzi.

“Mke wangu, leo wape wageni. Miaka kumi na moja naimeza tu ili usinune. Sijawahi kuipenda.”