Msichana Aliyeomba Moto Kwenye Njia ya Toroli

Hili lilinitokea mimi, nikiwa na akili zangu zote na sweta la shule mwilini. Usiniambie niliota. Nimeshaambiwa hivyo na watu wa kutosha, na mimi ni mtu wa aibu, sijui kubishana. Mtu akinikazia macho nasahau hata jina langu. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Kwetu ni Karatu, upande wa juu, ambako ukungu wa msitu wa Ngorongoro hushuka mpaka mlangoni. Chini ya nyumba yetu kuna mto, na kando ya mto kuna njia ya toroli. Zamani shamba la kahawa la Wazungu lilikuwa na reli ndogo pale, vibarua wakisukuma matoroli ya kahawa mpaka kiwandani. Reli ziling'olewa, zikauzwa chuma chakavu. Imebaki njia tambarare, na sasa vijana wa utalii wanaleta wageni kutembea. Wameweka hadi kibao: matembezi mepesi. Mepesi kwa nani?

Mwaka jana, msimu wa baridi, Baba alimfukuza dada yangu Paskalina. Alikuwa kidato cha nne, akapata mimba. Nyumbani wote waliuliza swali moja tu: ya nani? Asubuhi ya nani, jioni ya nani. Paskalina hakutaja jina. Basi Baba, ambaye kanisani husimama mbele kusoma na kusema mila za zamani ni giza, ghafla akazikumbuka mila. Zamani kwetu binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alitolewa nje na hakupewa moto, asije akawaletea watu mkosi. Akampeleka kwenye kibanda cha mlinzi wa toroli, mwisho wa njia. Hakina hata mlango.

"Chakula apelekewe," alisema. "Moto, hapana."

Nilimwangalia Mama. Nilimwangalia Ama, bibi yetu mzaa baba. Wote wawili walikuwa wanaangalia chini. Sijawahi kuwa na hasira vile, na sikusema neno. Hilo nalo liliniongezea hasira.

Kazi ya kupeleka chakula ikawa yangu, kila nikitoka shule. Siku ninayosimulia mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na jana yake nilikuwa nimemwacha Paskalina ana homa, anatetemeka juu ya magunia. Mama akanipa bakuli la makande, halafu akanitumbukizia kiberiti mfukoni bila kuniangalia.

"Awashe kwa ndani kabisa," alinong'ona. "Baba yako asione moshi."

Njiani nikapishana na kijana mmoja anarudi na wageni wake. "Mdogo wangu, mbona umenuna hivyo? Tabasamu basi, wageni wapate picha!" Wageni wakaniambia, "Jambo!" Nikapita. Nilitamani kuwauliza: kule kibandani mlikotoka, yule anayetetemeka naye mlimpiga picha?

Ukungu ukajaa, mwanga ukaanza kuondoka. Nikafika penye daraja la zamani. Mbao zake zilioza siku nyingi, vimebaki vyuma viwili ambavyo navyo vimekatika katikati, kwa hiyo watu hushuka na kuvuka kwa kukanyaga mawe. Pale kwenye ukingo alikuwa amekaa msichana.

Rika la Paskalina. Tumbo kubwa. Miguu peku, na amejifunga ngozi, siyo kanga, ngozi ya mnyama kama zile ambazo Ama husimulia. Nikadhani ni mmoja wa wale wanaowachezea wageni ngoma kwenye lodji. Kweli kabisa, nilidhani hivyo.

"Saita," akanisalimia kwa Kiiraqw. Nikaitika. Halafu akasema, kwa Kiiraqw kizito cha kizee, "Mdogo wangu, nipe moto. Wamekataa wote."

Hapo ndipo nilipoona. Mimi nilikuwa natoa mvuke mdomoni kwa baridi. Yeye amesema maneno yote yale na hakutoa hata kidogo.

Na unajua kitu gani kilinijia kwenye ulimi? Mimba ya nani. Mimi, niliyekuwa nalichukia swali lile kuliko kitu chochote! Nikalimeza. Nikawaza kumgawia njiti, lakini njiti bila ganda angewashia wapi? Na Paskalina je? Alinyoosha mkono. Nikampa kiberiti chote. Vidole vyake vilikuwa kama jiwe la mtoni.

Akainuka, akatembea juu ya chuma mpaka pale kilipokatika, na akaendelea kutembea. Niamini. Palikuwa hakuna kitu chini yake, maji tu. Ukungu ukamfunika.

Kukimbia? Sikukimbia. Nilienda mbele, nalia kwa hasira kwamba nimetoa moto wa dada yangu.

Kibandani palikuwa na moto. Mkubwa, wa mafiga matatu. Paskalina amekaa, jasho limekauka, anapasha viganja moto.

"Umechelewa," akasema. "Yule dada uliyemtuma amefika mapema. Amesema mdogo wangu amempa." Akanionyesha kigae cha chungu cheusi, bado kina makaa. Ndimo moto ulimoletwa. Kiberiti hatukukiona.

Njia ni moja tu, jamani. Kuna nyingine?

Nilikibeba kile kigae nyumbani, nikakiweka mbele ya Ama, nikasimulia yote, mimi nisiyesema. Baba akacheka. Ama hakucheka. Alikigeuza, akapapasa alama za kucha pembeni.

"Hiki chungu alikifinyanga mama yangu," akasema. "Alikiweka nje, dada yangu alipotolewa. Kitupu, bila moto. Dada alikufa kwa baridi njia hiyohiyo, na mimi niko ndani naota moto."

Akachukua fimbo. Baba akasimama mlangoni. "Mama, ni mila yetu..."

"Mila naijua mimi. Wewe umeisikia tu. Pisha."

Baba akapisha. Tulimrudisha Paskalina usiku uleule, tumemshika huku na huku, na mwanawe sasa anatambaa. Baba hakanyagi tena njia ya toroli; huzunguka barabarani hata mvua ikinyesha. Na mimi hasira haijaniisha. Kiganja changu cha kulia, kile kilichotoa kiberiti, hakijapata baridi tena mpaka leo, hata asubuhi ya umande mkali. Njoo ukishike kama unabisha.

Kwa hiyo wewe unayekuja kufanya matembezi mepesi, tembea na kiberiti. Yule wa darajani akikuomba, mpe chote. Na kama wewe ni baba, na una binti umemtoa nje, usihangaike kumuuliza ni ya nani. Nenda kamuulize kama ana baridi, kabla yule mwingine hajafika kumuuliza.