Taa ya Kubadilishia Gia

Mume wangu alikuwa akiendesha gari kwa masikio. Si dereva wa mashindano. Ni mwalimu wa kemia. Gari lake ni dogo, la Kijapani, la gia za mkono, lenye turbo, na tangu litoke kiwandani hajalibadilisha hata nati moja. Lakini alilisikiliza. Tukitoka Mafiga kwenda mjini, ukimsemesha wakati injini inapanda alikuonyesha kiganja: subiri. Akishabadili gia, ndipo alipokujibu.

Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo. Tulimshukuru Mungu alipopona, ila masikio hayakurudi. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na kiasi kidogo tu, kama unamsikia mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Daktari hakumkataza kuendesha. Alimwambia aongeze vioo na apunguze mwendo.

Siku alipolitoa gari tena, nilikaa pembeni yake. Akaingiza gia ya pili, akakanyaga mafuta, akaendelea kukanyaga huku akitabasamu. Injini ililia mpaka watu wakageuka. Mara gari likaanza kushtukashtuka kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Lilikuwa limefika mizunguko elfu saba kwa dakika, ukomo uliowekwa na kiwanda, na kompyuta yake ilikuwa inakata mafuta ili injini isizidi hapo. Nikamshika mkono. Akautazama mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, akaegesha, akanipa funguo.

"Nitaliua," alisema. "Endesha wewe."

Gari likakaa chini ya turubai masika yote. Mimi si mpenzi wa magari, lakini kile kiganja chake nilikikosa. Tangu augue alikuwa akiongea maneno mawili matatu tu, akiogopa kwamba sauti yake ni kubwa mno. Nikaenda kwa fundi wetu wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo, nikamweleza.

"Shemeji anaona vizuri?" aliuliza.

"Anaona."

"Basi tumpe taa, dada, asiwe anainamia mshale."

Alifunga juu ya dashibodi taa nyekundu inayowaka injini ikifika mizunguko unayoitaka. Kuifunga hakukumsumbua, kazi ilikuwa kuipanga. Msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Ngerengere alituruhusu kutumia barabara yao iliyonyooka, Jumapili wasipofanya kazi. Tukaenda watatu, fundi akiwa kiti cha nyuma na laptopu magotini. Mimi nilipewa kazi ya kusikia. Gia ikiingia safi, nimwonyeshe mume wangu dole gumba. Kwikwi zikija, nimguse bega.

Kwanza waliiweka taa kwenye elfu sita na mia tano. Katika gia ya kwanza ikawaka, na kabla mguu wake haujaikanyaga klachi, injini ilishagonga ukomo. Nikamgusa bega. Akarudia, nikamgusa tena. Mara ya tatu hakusubiri nimguse, aliuona uso wangu.

"Nimekuwa mzito," alisema.

Fundi akainama mbele ili midomo yake ionekane. "Si wewe, shemeji. Gia ya kwanza inapanda haraka kuliko mguu wa mtu yeyote. Ukitaka, nausogeza ukomo wenyewe juu kidogo, upate nafasi."

Nilidhani atakubali, kwa jinsi alivyokuwa amekata tamaa. Akatikisa kichwa.

"Springi za valvu ni za kiwandani, hazitahimili zaidi ya hapo," alisema. "Na turbo hii inaishiwa pumzi kabla hata ya kufika elfu saba. Huko juu kuna kelele tu, nguvu hakuna. Ukomo tuuache ulipo. Tuishushe taa, na kila gia iwe na yake, kwa sababu kila gia ina mwendo wake wa kupanda."

Alikuwa amesema kwa sauti kubwa, kama yuko darasani. Nilitazama nje kwenye mkonge ili asinione machozi. Fundi alikuwa ameshaanza kubonyeza.

Walihangaika asubuhi yote. Ya kwanza waliishusha mpaka elfu tano na mia saba. Ya pili ikawa elfu sita na mia moja, kisha wakaipandisha kidogo, kisha wakairudisha. Ya tatu ilikubali karibu na pale walipoanzia. Kati ya jaribio na jaribio tuliiacha injini ipoe, tukala machungwa ya Kinole, mume wangu na fundi wakibishana kuhusu mizunguko mia moja kana kwamba ni shamba la urithi.

Halafu akaenda safari moja nzima, ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila gari kushtuka popote. Nikanyoosha dole gumba, nikalishikilia hapo hata alipokwisha kupunguza mwendo. Alizima injini, akanigeukia.

"Ilisikikaje?"

Sikuwa na maneno ya mambo hayo. Nikamwambia polepole, ili asome midomo, kwamba ya kwanza ilikuwa kama mtu anayepasua kitambaa kipya, na ya pili kama mashine ya kusaga inapopewa mahindi makavu.

Alifikiri kidogo, akakubali kwa kichwa.

"Na ya tatu?"