Vitu mia moja arobaini na tatu vya Shangazi

Shangazi yangu amehama nyumba mara saba, na mara zote saba kosa halikuwa lake. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na ukitaka kubishana naye tenga siku nzima, ubebe na maji ya kunywa. Mwenye nyumba wa kwanza alipandisha kodi. Wa pili alikuwa na mbwa ambaye Shangazi alimwona ana dharau. Huyu wa mwisho alitaka chumba ampe mwanawe anayeoa. Hilo hata Shangazi alikubali ni haki, ingawa alisema kijana mwenyewe bado hajui hata kufunga kamba za viatu.

Shangazi ni fundi wa kushona. Anashona sare: za shule, za walinzi, za wauguzi. Cherehani yake aliinunua kabla sijazaliwa, nyeusi, nzito ya chuma, maua yake ya dhahabu yameshafutika upande anaouegemea. Cherehani hiyo ndiyo iliyonilisha na kunisomesha. Baba aliniacha mlangoni kwa dada yake nikiwa na miaka sita, akasema anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Shangazi alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya, kaa hapo. Usiguse mkasi." Nikakaa. Sasa nina miaka ishirini na nne, nafanya kazi duka la fotokopi, na mkasi bado sijaruhusiwa kuugusa.

Jina langu nyumbani ni Bibi Kesho. Nadhani hilo halihitaji maelezo.

Sasa, habari ya bima. Kwenye ile nyumba ya nne, bomba la ghorofa ya juu lilipasuka mchana tukiwa hatupo. Tuliporudi, godoro lilikuwa limekunywa maji likavimba, na vitambaa vya watu vilikuwa vinaelea. Mwenye nyumba akaja mbio, akaupapasa ukuta wake huku na huku, akashusha pumzi. "Nyumba yangu ina bima," akasema.

"Na godoro langu?" akauliza Shangazi.

"Godoro ni lako, mama."

Weee! Siku hiyo Shangazi hakulala. Yaani mtu anakatia bima ukuta, halafu wewe uliye ndani ya ukuta shauri yako! Asubuhi akaenda ofisi ya bima, akamkuta kijana mmoja mrefu, tai imemkaba, pindo la suruali limefumuka. Huyo tulikuja kumwita Bwana Bima. Akamweleza Shangazi kwamba ipo bima ya vyombo vya mpangaji, akampa fomu ya orodha. Shangazi akamuuliza aandike nini na nini. Kijana, masikini, hakujua anaongea na nani, akasema, "Mama, andika kila kitu ambacho kikipotea kitakuuma."

Shangazi akaandika vitu mia moja arobaini na tatu. Namba moja, cherehani. Namba arobaini, mfuniko mmoja, sufuria yake ilishapotea. Mimi ndiye niliyeitoa nakala ile orodha dukani, kurasa sita, na sikusoma zaidi ya ukurasa wa pili. Natoa nakala za makaratasi ya watu kutwa nzima. Nikianza kuyasoma nitapata wazimu.

Basi tulipopata notisi ya kuhama hii mara ya saba, Bwana Bima akatueleza taratibu. Vitu vikiwa chumba cha zamani, bima ipo. Vikiwa garini njiani, bima ipo. Lakini vikishatua chumba kipya, bima inakuwepo tu kama fomu ya kubadilisha anwani imeshapokelewa. Shangazi akaijaza siku hiyohiyo kwa herufi kubwa, akaitia kwenye bahasha, akanipa Jumanne. "Peleka leo."

Jumanne nikasema kesho. Jumatano ilinyesha. Alhamisi nilifika kabisa pale ofisini, nikachungulia mlangoni, nikaona foleni imezunguka mpaka kwenye ngazi, miguu ikanigeuza yenyewe. Ijumaa tulikuwa tunafunga mizigo, nikaitia bahasha kwenye katoni namba kumi na saba ili isipotee. Isipotee! Jioni Shangazi akaniuliza, "Ile fomu umeipeleka?" Nikamjibu vile tunavyowajibu wateja dukani mashine ikiwa mbovu: "Imeshughulikiwa." Akaridhika. Niliona aibu kidogo, nikala, nikalala.

Jumamosi saa mbili asubuhi nani kasimama mlangoni? Bwana Bima mwenyewe, na tai yake. Kumbe kalenda ya kampuni yao imeandikwa "Tuko nawe kila hatua," na Shangazi alikuwa amempigia simu kumwambia hatua ya kwanza ni saa mbili kamili. Kijana wa watu hakujua atakataaje. Akapewa orodha na kalamu, awe anaandika kila kitu kimefika saa ngapi na katika hali gani.

Ningeweza kumpenyezea bahasha palepale, mambo yakaisha. Lakini katoni namba kumi na saba ilikuwa imeshafungwa kwa selotepu mara tatu, imekaa chini kabisa ya pikapu, juu yake kabati, na juu ya kabati mbeba mizigo mwenye kilo tisini. Nikajisemea, kitu gani kitavunjika bwana, ni mitaa mitatu tu.

Cherehani Shangazi hakuwaachia wabeba mizigo. Aliifungua kwenye meza yake, akakivingirisha kichwa chake kwenye shuka, akakipakata kwenye kiti cha mbele.

"Mama, hiyo weka nyuma," dereva akasema.

"Wewe weka mkeo nyuma."

Dereva hakufungua mdomo tena mpaka mwisho wa safari, ndiyo maana tulipotea mara mbili. Na msione Shangazi ana kisirani. Kwenye furushi la vitambaa kulikuwa na sare kumi na mbili za wanafunzi wa uuguzi, bado hazijakatwa, zinatakiwa Jumatatu, si ya keshokutwa, ile ya wiki ya pili. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia wazi: zikifika kwa wakati, sare za mwaka mzima ni zako; zikichelewa, tusilaumiane.

Tulifika. Vyumba viwili, dirisha kubwa, Shangazi akauangalia mwanga na kutabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Vitu vikaanza kuingia, Bwana Bima anaandika. Kabati, zima. Mfuniko, upo. Halafu meza ya cherehani ikakwama mlangoni. Wabeba mizigo wanaivuta kushoto, dereva anaisukuma kulia, kila mmoja fundi. Shangazi amesimama katikati ya chumba, cherehani mikononi imemlemea. Akatazama huku na huku. Akaona katoni iliyoandikwa kwa mwandiko wangu, VITABU. Akaona vitabu haviwezi kumwangusha. Akaitua cherehani juu yake.

Vitabu vyenyewe sasa! Ndani ya ile katoni namba kumi na saba kulikuwa na mawigi yangu manne, makaratasi mawili matatu, na hewa. Niliandika VITABU ili wabeba mizigo wasichungulie.

Katoni ikabonyea. Cherehani ikainama polepole, ikabingirika, ikadondoka sakafuni kwa kishindo ambacho bado nakisikia. Gurudumu likaruka likaenda kusimama ukutani. Shangazi akapiga magoti, akajaribu kuzungusha kile kichuma kilichobaki, kikagoma. Chuma chenyewe kilikuwa kimepasuka, ufa umepita katikati ya maua ya dhahabu. Akaupapasa ule ufa kwa kidole gumba. Bora angenipigia kelele.

Na kutoka kwenye ule mpasuko wa katoni, pamoja na wigi moja jekundu, ikachomoka bahasha. Ikateleza sakafuni, ikasimama katikati ya chumba, herufi kubwa za Shangazi zinanitazama.

Nikaikanyaga.

Sijui niliwaza nini. Mguu uliwaza wenyewe. Nikasimama juu yake, mikono kiunoni, najitia kuhuzunika.

"Saa nane kamili," Bwana Bima akasema taratibu, akaandika. "Pole sana, mama."

"Bibi Kesho, mletee mgeni kiti," Shangazi akasema akiwa bado amepiga magoti.

"Asimame tu, Shangazi, anafanya kazi."

"Basi niletee maji."

"Yako nje."

"Ndiyo uende nje!"

"Mguu umekufa ganzi," nikasema. Nikaanza kuusugua kwa mkono, bila kuuinua. Dereva akaniangalia kwa makini. Jasho linanitiririka mpaka masikioni.

Bwana Bima akakohoa. Akasema tusikate tamaa, cherehani ni namba moja kwenye orodha, na thamani yake imeandikwa. Kwa kuwa imeshatua chumba kipya, limebaki jambo moja tu: kama fomu ya anwani ilipokelewa kabla cherehani haijaingia humu, ndani ya wiki moja atapata fedha za cherehani nyingine. Yeye alikuwa kazi za nje tangu Jumanne, hakuona daftari la mapokezi.

Shangazi akainuka. Uso wake wote ukafunguka. "Imepokelewa!" akasema. "Aliipeleka huyu. Huyu usimwone hivi, ana domo, ana uvivu wake, lakini nimemlea kwa mkono wangu. Akiniambia jambo limefanyika, limefanyika."

Jamani. Angenitukana ningevumilia. Angenipiga na gurudumu lile ningesema asante. Lakini maneno yale yalinikata maini. Nikainua mguu.

Bahasha ilikuwa imepigwa chapa ya soli ya kiatu changu, lakini maandishi yanasomeka vizuri tu.

"Foleni ilikuwa ndefu, Shangazi," nikasema, na palepale nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mbele ya wabeba mizigo.

Bwana Bima akaiokota. Akaigeuzageuza, akatazama saa yake, akatazama dari. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nipo na nyinyi tangu saa mbili. Ingewezekana nikawa... niliipokea asubuhi."

"Aliipokea!" dereva akadakia. "Mimi nilishuhudia kwa macho yangu!"

"Wewe hata mtaa hukuuona," Shangazi akamwambia. Kisha akamgeukia kijana. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini."

"Andika hivyohivyo. Mimi nikimwambia mtu mshono ni mara mbili, unakuwa mara mbili. Sianzi uongo uzeeni kwa ajili ya chuma."

Akaandika. Dakika ishirini! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Nikadhani yameisha, kijana ataaga aende zake. Shangazi akasema hapana, orodha haijakwisha, amalize. Basi akamaliza, kitu kimoja kimoja, mimi nimejikunja pembeni na wigi langu jekundu mkononi. Stuli, ipo. Ndoo mbili, zipo. Akafika ukurasa wa sita, akaisogeza karatasi usoni.

"Namba mia moja arobaini na tatu," akasoma. "Mtoto wa kaka, mmoja. Thamani: haina bei. Hali: mzima." Akainua macho. "Mama, watu hawaandikwi humu."

"Uliniambia niandike kila kitu ambacho kikipotea kitaniuma."

"Sasa... nifute?"

"Nani kakwambia ufute?" Shangazi akafoka, na huo ndio mfoko wa kwanza siku nzima. "Andika amefika saa nane. Kwenye hali, hapo futa 'mzima', andika 'mbovu kidogo'."

Akaandika. Naapa aliandika, nakala ninayo, nimeitoa mwenyewe dukani.

Walipoondoka wote, Shangazi alifungua furushi la vitambaa, akatandaza sakafuni chini ya lile dirisha kubwa. Sare kumi na mbili, siku tisa, cherehani hakuna. Akachomoa sindano mbili za mkono, akazichomeka kwenye mto. Halafu akanitazama juu mpaka chini, kama siku ile ya kwanza, akautoa mkasi mfukoni na kuninyooshea, mpini mbele.

Nikaushika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani miaka yote kumi na minane.

"Nianze kukata kesho asubuhi?" nikauliza huku nafuta kamasi.

"Thubutu," akasema Shangazi.