Siku Kumi za Boflo

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua si manukato, nakubali. Wengi wenu mkiisikia mtaziba pua na kusogea kando, na mkiwa watu wa pwani kama mimi mtakusanya na nguo zenu zisiguswe. Mwezi uliopita mvua ilinikuta Ukunda, nikajibanza na watu wengine kwenye kibaraza cha duka la nafaka. Mara mbwa mmoja wa rangi ya udongo akaja kujibanza na sisi, akajikung'uta. Kina mama wakapiga kelele, mwenye duka akatafuta fimbo, na mimi, bibi mzima mwenye wajukuu, nikabaki palepale naivuta ile harufu kama ya udi wa harusini. Mnisamehe. Nilikuwa nimerudi Mwabungo, nina miaka tisa, na kuna mbwa ambaye lazima nimwokoe kabla hajapigwa risasi.

Ilikuwa miaka ile ya uhuru. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa, sisi watoto wa shule tulikuwa tumeimba mpaka sauti zikakauka, na baadhi ya Wazungu waliokuwa na nyumba ufuoni walikuwa wakifunga virago. Mmoja wao, mzee mwenye nyumba upande wa Galu, aliondoka na masanduku yake, vitanda vyake, hata vyungu vyake vya maua, akamwacha mbwa. Sijui alisahau au alidhani yuko mtu atakayemchukua. Nilimkuta siku niliyotumwa kuokota makuti makavu ya kuwashia moto. Alikuwa amelala kizingitini, mlango una kufuli, macho ameyaelekeza kwenye njia ya gari. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Hakunibwekea. Alipiga mkia chini mara mbili, basi, kama mtu aliyefiwa anayeitikia salamu kwa sababu ya adabu tu.

Nilimwita Boflo, maana alikuwa na rangi ya mkate wa boflo ulioiva vizuri. Kila alasiri nilimpelekea ukoko wa wali na vichwa vya samaki nilivyovificha kwenye pindo la leso. Wiki ya pili tulikuwa tukifukuza kaa pamoja ufuoni. Yeye alichimba, mchanga ukaruka mpaka machoni mwangu, na akimkosa kaa alinitazama kana kwamba kosa ni langu. Sikuwa na ndugu wa kucheza naye. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa na alirudi mwisho wa mwezi, na Mama wakati huo alikuwa Msambweni akimwuguza dada yake. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Nyanya. Nilimpenda mbwa yule, nasema hivyo bila kuzungukazunguka.

Shida ilikuwa Nyanya. Bi Mwanasha, kama watu walivyomwita, aliwasomesha wasichana Kurani kwenye baraza ya nyumba yetu, na katika mambo ya najisi hakuwa na mchezo. Mate ya mbwa, alitufundisha, huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo. Basi mimi, mwanafunzi wake mtiifu, kila nikitoka kwa Boflo nilipita nyuma ya nyumba nikajiosha mikono, miguu na uso mara saba, nikianza na udongo mwekundu. Nadhani hapakuwa na mtoto safi kama mimi Mwabungo nzima. Mtungi uliisha maji kabla ya magharibi, Nyanya akaukagua kama una ufa. Nami niliamini kwa moyo wote kwamba kuosha kule kulimaliza kila kitu: mate, harufu, dhambi, na madhara yoyote ambayo mbwa angeweza kumletea mtu.

Ijumaa moja baada ya swala, mzee wa mtaa wetu, Mzee Kassim, alipita nyumba kwa nyumba. Alisimama uani kwetu, kofia mkononi, akijipangusa jasho.

"Bi Mwanasha, kumeingia kichaa cha mbwa," alisema. "Kule mbele kuna mtu aliumwa. Amekufa, maskini, alikuwa akiletewa maji ya kunywa anapiga mayowe. Jumatatu watakuja watu wa mifugo na bunduki. Mbwa asiyekuwa na mwenyewe watampiga."

"Mungu atuepushe," alisema Nyanya. "Mtu kuogopa maji!"

Yeye alisikia habari ya yule mtu. Mimi nilisikia habari ya bunduki tu.

Jumatatu sikwenda shule. Nilichukua kamba ya makumbi ya nazi iliyokuwa ikifungiwa mbuzi wetu, aliyechinjwa Idi, nikakimbia mpaka Galu. Nilipofika kwenye uwanja wa yule Mzungu nikasikia mlio wa kwanza wa bunduki, mbali, upande wa Ukunda. Boflo alikuwa ameingia chini ya sakafu ya veranda, anatetemeka. Nilitambaa nikamfunga kamba shingoni, nikamvuta. Hakutaka. Nikambembeleza, nikamtukana, nikalia. Mlio wa pili ulikuwa karibu, kunguru wote wakaruka. Boflo aligeuka kwa hofu, meno yake yakanipata chini ya kidole gumba. Hakuwa na nia mbaya, hilo nililijua hapohapo, kwa sababu aliniachia upesi na kuinamisha masikio. Damu ilitoka kidogo. Nikaufuta mkono kwenye leso, nikamvuta tena, na safari hii alinifuata, tukapita mbio mashambani, mihogo ikitupiga usoni, mpaka kwenye banda la mbuzi nyuma ya nyumba yetu.

Nilimfungia humo, nikachota maji, nikaanza kujiosha. Nilikuwa nimefika mara ya nne nilipoona kivuli cha Nyanya.

"Ni nini hiki, Mejumaa?"

"Naosha mikono, Nyanya."

"Kwa udongo? Mara ngapi?"

Mtoto wa chuo cha Kurani hudanganya vyote isipokuwa hesabu ya twahara. "Hii ni ya nne," nilisema.

Akanishika mkono akaugeuza juani. "Hapa pamefanya nini?"

"Mwiba."

"Mwiba gani unaotoboa matundu mawili?"

Na Boflo, ambaye tangu nimjue hakuwa amebweka hata siku moja, akachagua wakati huo kubweka.

Nilingoja kofi. Halikuja. Nyanya alinivuta mpaka kwenye mtungi, akanimwagia maji ya mara ya tano, ya sita, ya saba, kisha akachukua sabuni ya kufulia akaendelea, kata baada ya kata, akibinya kidonda mpaka nikapiga kelele. Nilikuwa nikihesabu kwa mazoea. Nilipofika kumi na tisa nikamwambia, "Nyanya, zimeshapita saba." Akachota kata nyingine. Uso wake ulikuwa umebadilika, midomo ikisoma kitu ambacho sikukisikia.

Hapo ndipo walipopiga hodi. Alikuwa Mzee Kassim na mtu wa mifugo, bwana wa bara mwenye kaptura ya khaki na bunduki begani.

"Samahani Bi Mwanasha, tumesikia mbwa."

"Mmesikia kweli," alisema Nyanya. "Ni wangu."

Mzee Kassim alicheka, akadhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Wako? Wewe?"

"Wa kulinda shamba. Nyani wamenimalizia mahindi. Au mbwa wa shamba amekatazwa, Mzee Kassim? Nieleze wewe uliyesoma."

Hakukatazwa, na wote wawili walilijua hilo. Lakini yule mtu wa bunduki alikuwa ameshafungua mlango wa banda. "Mama, huyu ni mbwa wa yule Mzungu. Mimi nimeagizwa nipige mbwa ambaye hana mtu wa kumshika. Wewe utamshika?" Akateremsha bunduki kutoka begani. Nilijirusha miguuni mwa Nyanya nikakamata leso yake, nikamwona Boflo kupitia machozi, amejikunyata pembeni, mkia ukipiga chini mara mbili kwa adabu ileile.

Nyanya aliingia bandani na leso zake za kuswalia. Akaiokota kamba, akaizungusha mara mbili kwenye kiganja, akatoka naye. Boflo alimnusa, akamlamba kiwiko. Wasichana saba wa barazani walikuwa wametufuata nyuma na misahafu yao, wote wanatazama.

"Nimemshika," alisema.

Yule bwana akarudisha bunduki begani. Nyanya akamsogelea akamnong'oneza. Nikaona yule bwana akinitazama mimi, si mbwa. Akajibu polepole, akionyesha vidole vya mikono yote miwili, kisha akaelekeza mkono upande wa Mombasa. "Siku kumi, mama," alisema kwa sauti alipokuwa akiondoka. "Asifunguliwe. Akibadilika tu, usingoje."

Nilifurahi mno. Boflo alikuwa amepona, na kwa hesabu yangu siku kumi zilikuwa adhabu ndogo. Kitu kilichonichoma ni kwamba Nyanya alinikataza kumkaribia. Alimfanya wake. Alimtilia maji mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, akaweka kigoda mbele ya banda, akakaa na tasbihi kumtazama. Boflo akiinamisha kichwa kunywa, Nyanya alisema "Alhamdulillahi" kama mtu aliyeletewa habari ya ndugu yake. Kisha alijiosha mara saba kwa udongo, akarudi kukaa. Mabinti wa chuo walipungua. Siku ya tatu walikuja wanne, siku ya tano hakuja hata mmoja, maana mama zao walisema malaika hawaingii nyumba ile tena. Nyanya hakujitetea kwa mtu. Mimi nikaona wivu, nikasema moyoni, tazama mtu aliyetusomesha najisi, sasa amemwiba mbwa wangu.

Siku ya sita Boflo hakunywa. Alilala huku ute ukimtoka mdomoni, na sufuria ilipowekwa mbele yake akageuza uso. Nyanya alisimama ghafla, kigoda kikaanguka. Aliniita.

"Njoo hapa. Kunywa maji."

"Sina kiu."

"Kunywa, mwanangu, nione."

Nilikunywa kata nzima, naye akanitazama koo. Kisha akavaa buibui, akatia nguo zangu kwenye kikapu, akasema tunakwenda Mombasa kwa Baba, sasa hivi. Mombasa! Niliruka. Nikakimbia kuchana nywele, nikaimba, nikamwuliza kama nitapanda feri. Yeye alikuwa akihangaika kufunga mlango, ufunguo hauingii. Nikamwambia amezeeka. Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Ndipo tukasikia Boflo akikohoa. Tulipofika bandani alikuwa amesimama, amepanua miguu, anajikamua tumbo lote, na mara akatapika donge la makumbi. Mjinga yule alikuwa ametafuna kamba usiku kucha na kipande kimemkwama. Akalinusa donge, akaliacha, akaenda kwenye sufuria akanywa maji mpaka sufuria ikagonga ukuta.

Nyanya akakaa chini na buibui lake, kwenye vumbi la banda. Nilidhani anacheka. "Safari imekwisha," alisema, nami nikalia hasira mpaka jioni kwa ajili ya feri.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja alimfungua. Boflo alizunguka ua mbio mara tatu, akaniangusha, akanilamba uso wote, na Nyanya hakusema neno la udongo. Alikuwa ndani, amesujudu kwenye msala wake muda mrefu hivi kwamba nilikwenda kuchungulia kama amelala.

Ilipita miaka mingi. Nikasoma, nikawa muuguzi. Siku moja, ningali mgeni kazini, aliletwa kijana aliyeumwa na mbwa. Nikamwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, nikamwanzishia sindano saa ileile, kwa maana hilo si jambo la kungojwa, kisha nikamgeukia mama yake na kumwambia kama nilivyofundishwa: "Mbwa msimwue. Mfungeni siku kumi, mtazame kama anakula, kama anakunywa maji..."

Nikaishia hapo. Yule mama akadhani ninaugua.

Ilibidi nitoke nje nikae ukutani. Nilikuwa nimeona kigoda kile, tasbihi, kata ya maji, ufunguo usioingia, na mkono wa yule bwana wa mifugo ukielekea Mombasa, kwenye sindano. Peke yake katika nyumba ile, bila mwana wala mkwe wa kumwambia, Nyanya alikuwa amekaa siku kumi mbele ya banda akisoma katika kinywa cha mbwa kama mjukuu wake atakufa akiogopa maji. Na mjukuu mwenyewe alikuwa akinuna. Nyanya alikuwa ameshazikwa nilipoyajua haya, kwa hiyo sikumwomba radhi, na mpaka leo hilo linaniuma.

Lakini kuna jambo nililolielewa baadaye zaidi, nalo ndilo lililonijia kwenye kibaraza kile cha Ukunda. Siku ya kumi na moja Nyanya hakumhitaji tena mbwa yule. Angeweza kumfukuza, mabinti wakarudi, na jina lake likasafika mtaani. Badala yake Boflo alikwenda naye shambani kila alfajiri, akafukuza nyani, akalala kivulini karibu na jembe lake, na mvua ikinyesha walirudi wawili wamelowa, Nyanya akimgombeza njia nzima. Siku kumi zile zilikuwa zangu. Miaka yote iliyofuata alimpa Boflo kwa hiari yake.